Mkono Uliobaki Begani

Sifa zote ni kwa Mungu Baba Mwenyezi, aliyezijua njia zetu kabla ya wahandisi, na ambaye kwa hekima yake aliziacha nyingi bila lami ili madereva wajifunze kusali. Yeye ndiye aliyenitoa Mjimwema, hapa Songea, nikiwa kijana mwenye miguu miwili na kunirudisha Mjimwema nikiwa mzee mwenye miguu hiyohiyo miwili, jambo ambalo katika kazi yetu si dogo. Jina lake lihimidiwe.

Wenzangu wa uwanja wa magari, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi niliyoiacha, ili vijana wanaokuja wasome. Nimekubali, ingawa sijawahi kumwona dereva wa jeshi akisoma kitu kisichoandikwa pembeni ya chupa. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuja kwa mwendo wa konokono, na mishahara iliondoka kwa mwendo wa swala. Nitaeleza habari za picha, kwa sababu ninyi wenyewe ndio mlioanza habari za picha.

Siku mliyoniaga mlinipa mbuzi, redio na ile picha kubwa ya rangi yenye fremu ya dhahabu. Mbuzi tumemla, tukamshukuru Mungu. Redio inakoroma, lakini nami nakoroma, kwa hiyo tunaelewana. Picha ndiyo iliyoniketisha mezani leo. Ile picha ndogo mliyoichukua kwangu kwa siri, mkaipeleka ikakuzwe, ilikuwa na safari yake. Nilikuwa niipeleke Namasakata, kule wilaya ya Tunduru, kwa mama mmoja mzee ambaye hakuwa na sura nyingine ya mwanawe. Hamkujua. Kutokujua ni kipaji ambacho Mungu amekigawa jeshini bila kubagua cheo, nami nilipewa fungu langu. Basi sikilizeni, mjue mlichokifanya, na mjue pia kilivyoishia, maana Mungu ana namna yake ya kupokea zawadi mbovu.

Picha yangu ya kwanza ya kazini ilipigwa studio hapa mjini, juma nililoandikishwa. Nyuma yangu kuna pazia lililochorwa ndege ya abiria, nami nimesimama mbele yake kwa uso wa mtu ambaye ameteremka sasa hivi kutoka Ulaya. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwenye baiskeli ya mjomba. Gwanda nililovaa lilikuwa la mtu wa kimo kingine. Mikono imefunika vidole, na suruali imeshikwa nyuma kwa pini ambazo mpiga picha alikuwa nazo kwa kazi hiyo. Padri aliyenibatiza alinipa jina la Longinus. Baba alilipenda kwa sababu lilikuwa refu. Niliposoma katekisimu misheni ndipo nilipojua kuwa ni jina la yule askari aliyemchoma Bwana ubavuni. Kwa hiyo nilipojiunga na jeshi mama alilia, akasema jina limenishika. Nikamwambia yule Longinus baadaye aliongoka. Mama akauliza, "Kabla ya kuchoma au baada?"

Siku yangu ya kwanza kwenye magari sikupewa gari. Nilipewa ndoo, nikaambiwa nisafishe uvungu wa lori lililotoka Tunduru msimu wa mvua. Anayejua tope la njia ile ataelewa kwamba sikuwa nasafisha, nilikuwa nalima. Nikiwa chini nikasikia sauti juu yangu.

"Wewe Mngoni, umekufa au umesinzia?"

Nikachungulia. Alikuwa mtu mfupi, mweusi tii, kofia imekaa upande kama inataka kuondoka. Huyo ndiye Koplo Saidi, Myao wa Namasakata, mwalimu wangu wa kazi hii. Kabla hajaniuliza jina alinitukana ukoo mzima, kwa sababu Wangoni na Wayao ni watani, na yeye alikuwa mtu anayeheshimu wajibu wake.

"Nipo, afande," nikasema.

"Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakatukimbiza porini," akasema. "Leo Mungu amekuleta chini ya lori langu. Sugua hapo kwenye ekseli. Sugua kwa toba."

Saidi alinifundisha mambo mawili ambayo nimewafundisha ninyi wote mpaka mkachoka. La kwanza ni tope. Akifika mahali palipolowa alisimamisha lori, akavua viatu, akatembea peku mbele ya gari kwenda na kurudi. Alisema jicho linaona maji tu, ila unyayo unajua kama chini kuna mchanga au kuna shimo. Tulikuwa tunamcheka. Halafu magari ya waliocheka yalikuwa yananasa, na yeye anapita taratibu, amening'iniza viatu vyake shingoni kwa kamba, anawapungia mkono kama askofu.

La pili ni hendeli. Ninyi mnaobonyeza swichi gari likaitika hamjaijua hendeli. Ni chuma kilichopinda, unakiingiza puani mwa gari chini ya rejeta, unazungusha kwa nguvu mpaka injini iwake. Lakini wakati mwingine injini inakataa, inairudisha hendeli kinyume kwa teke la punda. Ukiwa umeizungushia kidole gumba, kidole kinakwenda na chuma. Kwa hiyo gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine. Saidi alikuwa anatuonyesha chake cha kulia, kilichopinda kwa nje kama kijiti kinachoomba lifti.

"Mnakiona hiki?" alikuwa anasema. "Hendeli. Nilikuwa na kiburi kama nyie."

Tangu nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe, hakuna dereva aliyepita mikononi mwangu bila kusikia habari za gumba la Koplo Saidi. Hata wewe Gaspari, koplo wangu wa mwisho, uliyekuwa unasinzia kwenye somo, gumba hilo ulilisikia. Tutarudi kwenye gumba.

Picha ya pili ni ya harusi. Mke wangu Oresta anaonekana kama malaika aliyelazimishwa, nami nimevaa suti ya kuazima ambayo ilishaoa mara nyingi kabla yangu. Kushoto yuko Saidi, Mwislamu pekee aliyekaa kwenye benchi la mbele kanisani siku ile, akisimama watu wanapopiga magoti na kuketi wanaposimama. Lakini picha iliharibika. Mwanga uliingia upande wake, na mahali pa Saidi pana wingu jeupe tu. Oresta alisema ni ishara. Mimi nikasema ni filamu mbovu. Katika ndoa yetu mara nyingi tumekuwa sahihi wote wawili.

Halafu vikaja vita. Jirani wa kaskazini alitaka kujiongezea shamba kutoka Kagera, akakuta shamba lina wenyewe. Mimi na Saidi tulipelekwa na malori yetu. Najua vijana mnapenda kusikia habari za mizinga. Poleni. Mimi nilipigana kwa maharage. Nilibeba maharage, unga, chumvi, mafuta ya taa, na mara moja nilibeba viatu vya mguu wa kushoto peke yake, lori zima, kwa sababu vya mguu wa kulia vilipangiwa gari jingine, nalo likapelekwa upande mwingine. Askari waliosubiri viatu walitupokea kwa maneno ambayo sitayaandika, maana Kwaresima imekaribia.

Nikiwa huko ndipo nilipopata picha ya tatu. Binti yetu wa kwanza, Fidesi, alizaliwa nimekwishaondoka. Oresta akambeba mpaka studio, ileile ya pazia la ndege. Mpiga picha akamwambia familia haijatimia, itaonekana vibaya. Oresta akatoa kofia yangu ya zamani kwenye kikapu, akaiweka kwenye kiti cha tatu. Wakapigwa: mama, mtoto, kofia. Picha ikanifikia imekunjwa, ina harufu ya sabuni.

Saidi aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto amefanana na kofia," akasema.

"Nirudishie picha yangu, Myao."

"Ngoja kwanza nimpe heshima baba mtoto." Akasimama wima, akapiga saluti. "Shikamoo, kofia. Naona umeoa vizuri."

Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya kuwasha magari alikuja kwenye lori langu, ambamo nilikuwa nimeibandika picha ile juu ya usukani, akaisalimia kofia. Siku akichelewa nilikuwa naona asubuhi haijakamilika, nikimngoja kwa hasira kama mtu anayengoja chai.

Picha ya nne ndiyo yenyewe. Alipita mpiga picha wa jeshi, akatukuta tumeegemea lori. Nimesimama mbele, na Saidi yuko ubavuni kwangu, amepitisha mkono nyuma ya mgongo wangu, kiganja kimekaa begani, gumba lake lililopinda limechomoza. Sekunde ile aliniambia jambo moja sikioni kuhusu babu zangu na mikuki yao, nami nikacheka. Ndiyo picha pekee katika maisha yangu ambayo meno yangu yanaonekana. Mpiga picha alituahidi moja kila mtu, kisha akasema karatasi zimekwisha. Ilinifikia moja, baada ya miezi, nami sikuwa na mtu wa kugombania naye.

Kwa maana Saidi alikuwa amekwishafariki. Njia ile tuliambiwa ni safi. Aliyesema ni safi hakuwa amepita. Saidi aliongoza kama kawaida, nami nilikuwa wa tatu nyuma yake. Palikuwa pakavu, hakuna tope, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuteremka na kupima kwa mguu. Lori likakanyaga bomu lililotegwa ardhini. Alikuwa amebeba unga. Kwa muda mrefu hatukuona kitu chochote ila weupe, kama ile picha ya harusi. Tulimzika hukohuko, Waislamu wenzake wakamsomea, nami nikasali rozari yangu pembeni kwa sauti ya chini. Nadhani Mungu alizisikia zote mbili. Tangu lini Yeye akachanganya mizigo? Hiyo ni kazi yetu.

Vita vilipoisha nilikwenda Namasakata kumhani mama yake, Bi Somoe. Nilikuwa na picha mfukoni, tayari kumpa. Ukutani kwake ilikuwepo moja, ya Saidi akiwa kuruta, na nyuma yake, hamtaamini, ndege ileile ya abiria. Nikamtolea yangu. Akaishika, akaitazama, akanirudishia.

"Kaa nayo, mwanangu," akasema. "Mimi ninayo yangu. Na wewe ubaki na yako."

Baada ya hapo nikahamishwa. Jeshi halipendi mtu azoee mahali. Nilizungushwa kambi nyingi za nchi hii na watoto wangu wakajifunza kusema "shikamoo" kwa lafudhi mbalimbali. Nilirudi Songea nikakuta zama mpya. Zamani duka lilikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Sasa kila mtu ana duka, bidhaa tele, na tunaambiwa huo ni uhuru wa soko. Nashukuru. Nimeona sabuni za rangi zote, nimeona sweta za mitumba za watu wa nchi za theluji zikivaliwa Mjimwema mwezi wa joto, na nimeona studio ya zamani ikifa na nyingine kufunguliwa, yenye pazia jipya. Ndege imekwenda. Siku hizi unapigwa picha mbele ya friji iliyochorwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, dereva mmoja wa malori ya korosho aliniletea salamu kutoka Namasakata. Alisema, "Mzee, Bi Somoe anakusalimu sana. Anasema mchwa wamekula picha ya Saidi yote, wamebakiza fremu. Anasema anaanza kusahau sura, na hilo linamtisha kuliko kufa. Anaomba ile ya kwako."

Nikamjibu kuwa namaliza kazi, mvua ikiacha nitaileta mwenyewe kwa mkono wangu, maana kitu cha namna hiyo hakitumwi kwa korosho. Nikaiweka picha juu ya kabati ndani ya misale, kitabu changu cha misa. Na ndipo ninyi mkaja.

Gaspari, ulimwambia mke wangu kuwa mnataka picha ya mzee kwa ajili ya kitambulisho cha kustaafu. Nimeishi na Oresta miaka yote hii, najua hadanganyiki hovyo, lakini neno "kitambulisho" katika nchi hii linafungua milango yote. Nilipomuuliza baadaye kwa nini katika picha zote alitoa ile, akasema, "Baba Fidesi, ndiyo picha pekee unayocheka. Nikadhani ofisi inataka mtu anayeonekana kama mtu."

Mkaipeleka studio ya friji. Studio ikaipeleka Dar es Salaam kwa fundi wa kukuza na kutia rangi. Siku ya kuniaga mkaleta kitu kimefungwa kwa magazeti, mkuu wa kikosi akakifungua mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikajiona. Nilikuwa na mashavu ya mtu anayekula siagi. Gwanda langu la vita, ambalo nakumbuka lilikuwa na kiraka cha gunia, limekuwa la kijani kibichi kama nyasi za kwenye kalenda. Kifuani nina nishani saba. Lori hakuna, mahali pake pana chombo cha maua. Na Saidi hayupo. Fundi alimwona ni mtu wa ziada, akamfuta, akaweka mbingu ya bluu.

Mkuu, aliyehamia kwetu mwezi uliotangulia, akazihesabu nishani, akanisifu hadharani kwa ushujaa ambao hata fundi wa Dar hakuufikiria. Nikamshukuru. Ningesema nini? Ukisifiwa kimakosa mbele ya mbuzi anayeiva, busara ni kukaa kimya.

"Ile ndogo iko wapi?" nikamnong'oneza Gaspari.

"Ipi, afande?"

"Ile mliyonichukulia."

"Aa, ile iliyochakaa? Si hii sasa ndiyo mpya, afande."

Asubuhi nikaenda studio. Friji hakuna. Mwenye studio alikuwa ameona faida imehamia kwingine, akageuza chumba kuwa banda la video. Watu wamekaa kwenye mabenchi wanatazama Wachina wanaruka juu ya mapaa. Nikamwuliza. Alikuwa kijana mpole, mkarimu, mwenye pete tatu.

"Mzee wangu, ya zamani fundi huwa anaikata apate vipimo," akasema. "Hazirudi. Lakini si umependeza? Nishani nilimwagiza mimi mwenyewe aongeze, bure."

Nikamwambia Mungu amzidishie. Sijui kama nilimaanisha. Nimeliungama.

Nikarudi nyumbani nikaketi mbele ya ile picha kwa siku kadhaa kama mtu aliyefiwa huku anatazamwa na marehemu mwenyewe. Nilikuwa nimeahidi kumpelekea Bi Somoe sura ya mwanawe, na nilichokuwa nacho ni sura yangu mimi, imenenepeshwa. Oresta ndiye aliyesimama nyuma ya kiti changu akaniuliza, "Na hiki begani ni nini?"

Nikatazama. Kwenye bega la kulia fundi alikuwa ameacha kitu. Labda alichoka, au alidhani ni sehemu ya gwanda. Alikitia rangi ya kahawia akakizungushia uzi wa dhahabu kidogo pembeni. Hata nilipowauliza ninyi wenyewe baadaye, wewe Gaspari ulisema, "Hiyo si alama ya vyeo vya zamani, afande?" Vilikuwa vidole vinne na gumba lililopinda kwa nje.

Basi mvua ilipoacha nikaifunga picha ndani ya blanketi, nikapanda lori la korosho lililokuwa linarudi tupu Tunduru. Nilikwenda kukiri kuwa sina kitu. Njiani tulikuta bonde limelowa. Kijana wa usukani akataka kupita kwa ushujaa. Nikamwomba asimame, nikavua viatu, nikatembea peku. Akacheka. Nikamwonyesha pa kupita, tukapita. Gari lililokuwa nyuma yetu lilipita kwa ushujaa, na naamini liko pale mpaka sasa.

Bi Somoe nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, anachambua mpunga. Amekuwa mdogo sana, kama mtu anayejikunja taratibu ili asichukue nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Longinus? Karibu. Umekuja na sura ya mwanangu?"

Nikalifungua blanketi. Akaomba nimsogezee kwenye mwanga. Akaitazama kwa kuinamisha kichwa.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ulinenepa hivi lini?"

"Ni fundi, mama."

"Na haya mapambo kifuani?"

"Ni fundi huyohuyo."

Nikamweleza yote. Sikuwataja majina, msiogope. Nilisema ni vijana wanaonipenda. Nikamwambia Saidi alikuwa hapa, ubavuni, na sasa hapa pana maua. Nilitegemea alie. Badala yake akaanza kutembeza vidole vyake vikavu juu ya picha, kifuani, shingoni, mpaka begani, na vidole vikasimama. Akaweka mkono wake mwenyewe kando ya ule mkono, akaulinganisha.

"Na huu?"

"Huo waliusahau, mama. Ni wake."

"Usiniambie ni wa nani," akasema. "Ninakijua kidole hiki."

Nami, mwalimu wa zamani, nikashindwa kujizuia. Nikamweleza kuwa kidole kile kimefundisha madereva wa nchi nzima, kwamba kilivunjwa na hendeli, na kwa ajili yake vijana wengi wamebaki na vidole vyao.

"Hendeli ndiyo nani?" akauliza.

"Chuma cha kuwashia gari, mama."

Hapo Bi Somoe akacheka, mpaka mpunga ukamwagika kwenye mkeka.

"Chuma! Huyo alianguka mkorosho wa mjomba wake, anaiba mabibo. Hata shule alikuwa hajaanza. Mimi mwenyewe nilimfunga, kijiti na kipande cha kanga. Nilikuwa msichana, sijui kitu, nikafunga vibaya, kikapona kimepinda." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Watu wa hapa walinisema sana. Kila akishika tonge nilikuwa naona jinsi mkono wangu mimi ulivyoshindwa. Akaniambia, mama, nikiwa mkubwa hakuna atakayejua. Kumbe aliwaambia chuma?"

"Alituambia sote. Miaka yote."

"Alikuwa ananisitiri," akasema.

Kuku wakaja kula mpunga uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

Jirani mmoja aliitwa aje na msumari. Tukaitundika picha pale palipokuwa na fremu iliyoliwa na mchwa. Bi Somoe akarudi nyuma, akatazama, hakuridhika. Akaingia chumbani, akatoka na kanga kuukuu, akaniambia niinue mikono nimsaidie. Akaipitisha juu ya fremu akaifunga pembeni, ikafunika mashavu yangu, meno yangu, nishani zangu zote saba na chombo cha maua. Akaacha bega na mkono.

"Usinune, mwanangu," akasema. "Wewe si nakuona ulivyokaa hapa?"

"Sijanuna, mama."

"Na wale vijana wako. Waambie nimeshukuru sana. Waambie wamenirudishia kidole."

Nimeshaufikisha ujumbe. Zawadi yenu iko Namasakata ukutani, na uso wangu uko chini ya kanga, mahali ambapo Oresta anasema ungekaa tangu zamani. Kuhusu hendeli, endeleeni kuweka gumba upande mmoja na vidole vingine. Kisa cha Saidi kilikuwa cha uongo, ila namna ya kushika ni ya kweli, nami sitabadilisha somo kwa sababu ya mkorosho.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie gari linalowaka kwa mara ya kwanza, njia iliyopimwa na mtu aliyevua viatu, na watu wa kukungoja nyumbani wanaokujua hata kama umebaki kofia au kidole. Bwana na aweke mkono wake begani kwako, na asiwepo fundi wa kuufuta. Amina.